Kusoma Jiografia ya Kanda za Dunia



Kijana atokaye Kenya, Uganda au Tanzania akaingia mwaka wa kwanza katika chuo cha Marekani hukuta orodha ndefu ya masomo, na mara nyingi miongoni mwake limo somo liitwalo jiografia ya kanda za dunia. Si somo la wanajiografia peke yao. Atakayekuwa mwalimu, mhasibu au muuguzi naye huweza kulichukua, kwa kuwa vyuo vingi vya huko humtaka mwanafunzi aonje elimu mbalimbali kabla hajazama katika elimu aliyoichagua. Tangu mwaka 1959, ndege iliyopatikana kwa juhudi za Tom Mboya na wenziwe ilipochukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi, vijana wengi wa Afrika ya Mashariki wamepita njia hiyo.

Kazi yenyewe ni nzito kuliko jina lake. Katika muhula mmoja, yaani majuma yapatayo 15, mwanafunzi huzungushwa dunia nzima: Ulaya juma hili, Urusi juma lijalo, kisha Asia ya Mashariki, Asia ya Kusini, Marekani ya Kilatini na nyinginezo. Afrika iliyo kusini ya Sahara kwa desturi hupewa sura moja, nayo Afrika ya Kaskazini huunganishwa na Arabuni na Uajemi. Mmoja wa waliovipa vitabu vya namna hii umbo lake ni Harm de Blij, Mholanzi kwa kuzaliwa, ambaye kitabu chake juu ya kanda za dunia kilitoka mwaka 1971 na kusomwa katika vyuo vya Marekani kwa miaka mingi. Yafaa ikumbukwe kwamba kabla ya hapo, mwaka 1968, alikuwa amekwisha kutoa kitabu kizima juu ya mji mmoja tu, nao ni Mombasa.

Mwanafunzi mwenye haraka hudhani kwamba kazi yake ni kukariri. Huandika majina ya miji mikuu, mito na milima, akayarudiarudia usiku kama mtoto wa chuoni akariripo sura. Majina yana faida, hilo halina ubishi. Asiyejua Mlango wa Hormuz uko wapi hatafahamu kwa nini vita vya Ghuba huweza kupandisha bei ya mafuta ya taa huko Kisumu. Lakini majina ni vyombo tu, na swali ambalo somo hili humwuliza mwanafunzi ni jingine kabisa: nani aliyeigawa dunia hivi, kwa kipimo gani, na kwa haja gani?

Maana kanda haioti shambani. Hakuna mahali duniani ambapo mtu aweza kuvuka mguu mmoja akasikia kwamba sasa ametoka Ulaya ameingia Asia. Wayunani wa kale waliweka mpaka huo kwenye mto Don. Mwaka 1730, afisa wa jeshi la Sweden aliyeitwa Strahlenberg, ambaye alikuwa amekaa Siberia miaka mingi kama mfungwa wa vita, alitoa kitabu kilichousogeza mpaka hadi kwenye milima ya Ural, na hapo ndipo ramani nyingi huuonyesha hata leo. Jina la Mashariki ya Kati nalo lilienezwa na afisa wa manowari wa Marekani, Alfred Thayer Mahan, mwaka 1902, alipokuwa akifikiria njia za bahari na ulinzi wake. Mtu wa Mumbai yampasa asafiri kuelekea magharibi ili afike huko Mashariki ya Kati, na hakuna aliyemwuliza.

Kanda, basi, ni kifaa kilichotengenezwa na watu, kama jembe au mizani, na huundwa kwa njia zaidi ya moja. Yaweza kukusanya mahali penye sifa moja, kama vile Mjerumani Wladimir Köppen alivyoanza kuzipanga nchi kwa hali ya hewa mwaka 1884. Yaweza pia kufuata kitovu na nyuzi zake: popote ambapo maziwa na mboga hupakiwa alfajiri kwenda Nairobi ni kanda ya Nairobi, hata kama mpaka wa kaunti unasema vingine. Tena kuna kanda zilizomo vichwani mwa watu tu, nazo zina nguvu sana. Mtu wa Mombasa akienda Voi husema amekwenda bara. Hakuna kibao kinachoonyesha bara lilipoanzia, lakini kila mwenyeji analijua.

Faida ya kuvijua vipimo hivi huonekana mara mwanafunzi anapoviweka viwili juu ya nchi moja. Chukua maua ya waridi. Kitabu huiweka Kenya katika sura moja na Ecuador katika sura nyingine, ng'ambo ya bahari. Lakini nchi zote mbili zimepitiwa na Ikweta, na zote mbili zina nyanda za juu. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Cayambe huko Ecuador iko karibu mita 2,800. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 na nusu za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, na kwa hiyo mahali ambapo pangalikuwa na joto la pwani huwa na ubaridi wa kiasi. Mchana ni wa saa 12 mwaka mzima, na jua huja karibu wima. Waridi hupenda mambo hayo. Ndiyo maana mabanda ya plastiki yamejaa kando ya ziwa Naivasha na katika mabonde ya Cayambe vilevile, maua ya Kenya yakienda zaidi Uholanzi na ya Ecuador zaidi Marekani. Mkulima wa Naivasha na mkulima wa Cayambe ni majirani wa kazi na washindani sokoni, ingawa ramani ya kitabu haiwaonyeshi hivyo.

Mfano wa pili wawahusu sana watu wa pwani. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, yakangoja, kisha yakarudi na kusi. Upepo huo ndio uliofanya kanda. Neno sahil la Kiarabu, maana yake pwani, ndilo lililozaa jina la Waswahili. Na neno hilo hilo ndilo waliloitiwa Sahel, nchi kavu iliyo chini ya Sahara, kana kwamba jangwa ni bahari na ukingo wake ni ufuko. Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, alitawala Maskati na Unguja pamoja, na akaihamishia baraza yake Unguja. Hata leo zipo nyumba huko Oman ambamo Kiswahili husemwa mezani. Lakini katika kitabu cha chuoni, Lamu imo katika sura ya Afrika kusini ya Sahara na Maskati imo katika sura nyingine. Hilo si kosa la chapa. Mwandishi amechagua nchi kavu kuwa kipimo chake, na mwenye kuchagua nchi kavu huikata bahari.

Kanda hubadilika vilevile, na wakati mwingine kwa haraka kuliko wino wa vitabu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ilikuwa ya nchi tatu, nayo ikavunjika mwaka 1977. Ikafufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Kwa kuwa Kongo ina ufuko wake mdogo huko magharibi, Afrika Mashariki ya mikataba sasa imefika Bahari ya Atlantiki. Mzee aliyejifunza shuleni kwamba Afrika Mashariki ni Kenya, Uganda na Tanganyika aweza kucheka. Lakini mfanyabiashara apelekaye bidhaa Goma hacheki, maana kwake mpaka huo ni habari ya ushuru.

Labda wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya darasani, yasiyo na uzito wowote kwa mtu wa shambani. Hao na watazame yaliyotokea Kongwa.

Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wajumbe walitumwa Tanganyika kuchagua mahali pa kulima karanga kwa mashine. Walikaa majuma machache tu, na sehemu kubwa ya nchi waliiona kutoka angani. Ugogo ulionekana kwao kuwa ni nchi tupu, tambarare, isiyo na watu wa kuhamishwa, nao wakaitia katika kundi la nchi zifaazo kwa karanga. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, na baadaye Urambo na Nachingwea. Mpango ulikuwa wa kulima ekari zaidi ya milioni 3.

Lakini nchi ile haikuwa tupu kwa bahati. Wagogo walifuga ng'ombe na kupanda uwele na mtama, mazao yastahimiliyo ukame, kwa sababu waliijua mvua ya kwao jinsi ilivyo na hila. Walikuwa bado wakiikumbuka njaa kuu waliyoiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Matrekta yalivunjikia katika vichaka vyenye mizizi migumu. Udongo wa mfinyanzi ulipokauka uliganda kama tofali, hata karanga zilizokuwa zimekomaa zikawa hazing'oki. Mvua ikakosa. Mwezi Januari 1951 mpango ukaachwa, na serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya pauni zipatazo milioni 36.

Hapo hapakukosekana ujasiri wala fedha. Kilichokosekana ni swali lile la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: mkiiweka nchi hii katika kundi hili, mmetumia kipimo gani? Walipima utambarare na utupu. Hawakupima mvua ya miaka mingi, wala hawakuwauliza wenyeji kwa nini nchi nzuri namna ile haina mashamba makubwa. Ni vigumu kusoma habari hiyo bila kuhuzunika, maana jibu lilikuwapo pale pale Ugogo, katika ghala ya kila nyumba.

Basi mwanafunzi aliyekwisha kuchukua somo hili afanyeje? Kwanza apate atlasi yake mwenyewe, hata ikiwa kuukuu, aangalie ramani imechorwa kwa namna gani. Ile ya Mercator, iliyotungwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, huikuza mno nchi iliyo karibu na ncha za dunia. Juu yake Greenland yaonekana kutoshana na Afrika, na hali Afrika ni kubwa mara 14. Kila anapofika sura mpya, achore muhtasari wa kanda ile bila kutazama kitabu, kisha atie mistari yake mwenyewe: mvua, urefu wa nchi, lugha, reli na bandari. Ataona kwamba mistari haikubaliani. Pale inapopingana ndipo penye somo, na ndipo maswali ya mtihani mzuri hutokea.

Jambo jingine lifaalo ni kuanza kabla ya safari. Idara ya Upimaji ya Kenya imetoa ramani za kipimo cha moja kwa 50,000, ambazo juu yake mtu aweza kuona kilima, kijito na shule ya kwao. Aliyejifunza kuisoma karatasi hiyo, akaweza kusema kwa nini kijiji kiko mgongoni mwa kilima wala si bondeni, hatasumbuka sana akionyeshwa ramani ya Bolivia.

Asione haya kusema darasani. Katika vyuo vya Marekani mwanafunzi husikilizwa, na mwalimu hupenda apatapo mtu anayeijua kanda kwa miguu yake. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa, Sudan imewekwa Afrika ya Kaskazini, na Sudan Kusini imewekwa Afrika ya Mashariki. Mpaka wa kanda hizo mbili wapita mahali ambapo, hadi mwezi Julai 2011, palikuwa ndani ya nchi moja. Siku darasa litakapofika hapo, kijana atokaye Juba, ambaye wazazi wake na watu wa Khartoum walizaliwa chini ya bendera moja, atakuwa na la kusema ambalo halimo kitabuni.