MTOTO ASIPOPATIKANA, WAPIMWE WAWILI

(Hotuba ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanaushirika. Imeandikwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale waliokuwa malishoni na mashambani siku ile.)



Leo hatusemi habari za mbegu za alizeti wala bei ya karanga. Tunasema habari za mbegu nyingine, ile iliyomo mwilini mwa mwanamume. Wapo watakaoinamisha vichwa kwa haya. Hatutatukana mtu, tutatumia maneno ya heshima, yale ya zahanati. Lakini haya ikizidi huvunja nyumba, na ndiyo sababu tumeomba nafasi hii.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana anaoa, ng'ombe wanatoka zizini kwa baba yake. Mwaka unapita, wa pili unapita, mtoto hakuna. Mashauri yanaanza. Anayeulizwa ni nani? Ni mke. Anayenyweshwa mizizi ni mke. Anayerudishwa kwao, ng'ombe wakadaiwa, ni mke. Mume wala haulizwi, anatafutiwa mwingine. Na huyo wa pili naye asiposhika mimba, tunasema nyumba imerogwa!

Sasa tunawauliza ninyi wafugaji: ng'ombe wa zizi zima wakipitisha msimu bila kushika mimba, mnawauza wote? Hapana. Mnamtazama dume kwanza. Kwa ng'ombe akili hiyo tunayo, kwa binadamu tunaiachia wapi?

Waganga wa hospitali wameona kwamba katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, mwanamume ana sehemu yake: ama yeye peke yake, ama yeye pamoja na mkewe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa kiasi cha mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la kukosa mtoto wakati fulani maishani. Basi si laana ya ukoo fulani. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine.

MBEGU HUTENGENEZWAJE

Jandoni tulifundishwa uvumilivu na heshima, ila kilichomo ndani hatukuelezwa. Tueleze leo.

Mwanamume ana korodani mbili ndani ya mfuko wa ngozi. Ndani ya kila korodani mna mirija myembamba sana iliyojikunja, na humo mbegu hutengenezwa usiku na mchana, tangu kubalehe mpaka uzeeni. Korodani hizo hizo ndizo zinazompa mwanamume ndevu na sauti nzito.

Kwa nini zinaning'inia nje? Kwa sababu mbegu haipendi joto. Inataka ubaridi wa kama digrii 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Ndiyo maana asubuhi ya Julai, upepo ukivuma, mfuko hujikunja kusogelea mwili, na mchana wa Oktoba hulegea ukajitenga nao.

Mbegu moja huchukua siku kama 74 kutengenezwa, yaani karibu miezi miwili na nusu. Ni kama uwele wa muda mfupi. Ikitoka hapo hupita kwenye mrija mrefu ulio nyuma ya korodani, ikakomaa na kupata nguvu ya kuogelea. Siku ya tendo hupanda juu, ikachanganyika na majimaji ya tezi dume na ya vifuko vya manii, ndipo hutoka.

Hapo tushike jambo moja, jamani. Sehemu kubwa sana ya manii ni majimaji ya tezi hizo. Mbegu zenyewe ni kidogo. Kwa hiyo mwanamume anaweza kutoa manii mengi na ndani yake msiwe na mbegu hata moja. Jicho haliwezi kuona. Na nguvu za kitandani si kipimo cha mbegu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Mmoja wa watu wa kwanza kuziona mbegu hizo alikuwa Mholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, mwaka 1677. Hakuwa daktari wala hakusoma chuo kikuu. Alikuwa muuza vitambaa aliyejitengenezea miwani ya kukuzia vitu. Tunalisema hili kwa wenzetu wa darasa la kisomo cha watu wazima: kutaka kujua ndiko kulikomfikisha.

Jambo jingine kuhusu mbegu. Zipo za namna mbili, zenye kuleta mtoto wa kike na zenye kuleta wa kiume. Yai la mama ni la namna moja tu. Kwa hiyo anayemlaumu mkewe kwa kuzaa wasichana watupu anamlaumu mtu ambaye si yeye aliyeleta jinsia. Wala mume naye hachagui.

KINACHOHARIBU MBEGU

Kwanza, magonjwa ya zinaa, hasa kisonono. Kisipotibiwa sawasawa huweza kuziba mirija, na mbegu zikakosa njia. Anayetokwa na usaha aende zahanati na mwenzake, wamalize dozi wote.

Pili, mishipa ya damu kuvimba juu ya korodani, mara nyingi upande wa kushoto. Ukishika unahisi kama minyoo ndani ya mfuko. Wengi wanayo bila kujua, na wengine huzaa, lakini kwa baadhi hupunguza mbegu. Upasuaji upo.

Tatu, matumbwitumbwi. Yakimpata kijana aliyekwisha balehe, korodani zinaweza kuvimba na kudhoofika.

Nne, korodani isiyoshuka. Akina mama, mkimwogesha mtoto wa kiume tazameni mfuko. Ukiwa mtupu upande mmoja, mwonyesheni mwuguzi kliniki. Nyingi hushuka zenyewe ndani ya miezi 6. Isiposhuka, hupasuliwa kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Ikikaa tumboni hupata joto na kuharibika.

Tano, korodani kujisokota. Hii ni ya haraka kuliko zote! Kijana anashikwa na maumivu makali ya ghafla upande mmoja, pengine na kutapika. Mshipa umejizungusha na damu imekatika. Afikishwe hospitali ndani ya saa 6, la sivyo korodani inaweza kufa. Msimkande, msingoje kuche. Mpakieni kwenye bodaboda mwondoke.

Sita, tumbaku, na pombe ikizidi.

Halafu kuna dawa za nguvu za kiume zinazopigiwa kipaza sauti minadani. Mtu anauza mbuzi, ananunua chupa ambayo hajui kilichomo. Mbuzi huyo angetosha nauli ya kwenda kupimwa.

KUPIMWA

Mume na mke wakikaa pamoja mwaka mzima bila kuzuia mimba na mtoto hakuna, waende wote wawili. Mama akiwa ametimiza miaka 35, wasizidishe miezi 6. Waanze zahanati au kituo cha afya, huko watapewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi Dodoma mjini, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Kipimo cha mwanamume hakina kisu. Anapumzika tendo kati ya siku 2 na 7, anatoa manii kwenye chombo safi, na chombo kinafika maabara ndani ya saa moja. Majibu yakiwa mabaya, hupimwa tena. Aliyeugua homa kali au aliyeacha tumbaku asubiri kama miezi mitatu, mbegu mpya zikomae.

Hatutawadanganya. Wengine watatibiwa wapate watoto. Wengine wataambiwa mbegu hakuna na dawa hakuna. Ni habari nzito kwa mwanamume. Lakini ni nafuu kuijua mkiwa wawili, mkaamua kulea mtoto wa ndugu, kuliko kuwafukuza wanawake watatu wasio na kosa. Na tusimcheke. Uume wa mtu ni kazi yake, neno lake na malezi yake pia.

Wazee wetu wa mashauri, tunawaomba hili: likija shauri la nyumba isiyo na mtoto, ulizeni kwanza, "Mmepimwa wote wawili?" Kama bado, shauri lingoje. Na ikumbukwe kuwa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa huvunjwa na mahakama, baada ya baraza la usuluhishi. Haivunjwi kwa kumfungia mwanamke mzigo wake.

Mwenye swali la siri amwone mganga wa zahanati. Tumekwisha zungumza naye. Anawapokea wanaume bila kuwauliza mbele za watu.



Katibu wa Tawi