Michongoma ya baba yangu imekula njia ya umma

Maneno haya niliyasema kwanza mbele ya vijana wachache mjini Morogoro, nao wakaniambia: yaandike, yasiishie hapa. Nayaandika kama nilivyoyasema. Umezoea tukianza na vigogo. Leo sianzi na kigogo. Naanza na baba yangu mzazi.

Kwetu ni Malolo, wilaya ya Kilosa, upande ule wa Mikumi unaoelekea Ruaha Mbuyuni. Watu wa kwetu wanaishi kwa maji ya mto Mwega. Kuna mifereji, kuna mpunga, kuna mahindi na kuna vitunguu. Kitunguu hakina subira. Kikishang'olewa kinataka gunia, gunia linataka lori, na lori linataka njia. Ukiziba njia kwetu umeziba ada ya shule, bati la nyumba na dawa ya mgonjwa.

Nilipopata vijisenti vyangu vya kwanza vya uandishi, nilimtumia mzee pesa apendezeshe nyumba. Akapanda ukoka mbele ya baraza. Mwaka uliofuata akapanda maua na kupanga mawe yaliyopakwa chokaa. Kisha akazungusha michongoma. Kila hatua ilisogea mbele kidogo kuelekea njiani, na kila mpita njia alisifu. "Kwa mzee fulani kama Oysterbay!" Nami nikavimba kichwa.

Sasa sikiliza. Michongoma haina adabu. Mvua mbili tu, imetanuka. Njia ambayo zamani lori na mkokoteni vilipishana bila kugusana, leo mmoja lazima arudi nyuma. Tena jirani wa ng'ambo naye alipotaka kuweka seng'enge hakuuliza mtu. Alitoa kamba, akapimia kwa michongoma yetu. Kama mzee amefika hapa, akasema, na mimi nifike hapa. Njia ikabanwa mbavu zote mbili.

Usiku mmoja wa msimu wa vitunguu, lori likakwama pale pale. Nyuma yake ikaja bodaboda imembeba mama mwenye uchungu wa kujifungua. Hapakuwa na pa kupita. Mama wa watu akateremshwa, akajipenyeza kwa miguu kati ya ubavu wa lori na miba ya michongoma niliyoilipia mimi. Mungu ni mkubwa, alifika, na mtoto akazaliwa mzima. Lakini hebu nikuulize: asingefika, tungemlaumu nani? Serikali?

Nilikwenda nyumbani, nikampa mzee shikamoo, nikamwambia: "Baba, tumeingia njiani." Akanitazama akasema: "Wewe mtoto wa mjini, huu si ukuta. Haya ni maua." Ndugu msomaji, hapo ndipo penye mtego. Kiswahili chetu kinaliita ua lile linalonukia, na kinaliita ua lile linalozungushwa kumzuia mtu. Kwa mzee wangu, ua la kwanza lilikuwa limezaa la pili, wala hakuona lilizaliwa lini.

Sheria inasemaje? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 haikatazi ukuta peke yake. Hata kupanda miti na mazao ndani ya hifadhi ya barabara bila ruhusa ya mamlaka ya barabara ni kosa. Na hifadhi hiyo haianzii pale lami inapokwisha. Inapimwa toka katikati ya barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa, sheria ya mkoloni ya mwaka 1932 iliweka mita 22.5 kila upande. Kanuni za mwaka 2009 zikaifanya mita 30. Ndiyo maana aliyekuwa kihalali ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa anastahili fidia, huku aliyeingia ndani ya mita za zamani haambulii kitu. Alama ya X ya kijani na ile X nyekundu tofauti yake ndiyo hiyo. Njia za vijijini na za mitaani zina vipimo vyake vidogo, na tangu 2017 zinasimamiwa na TARURA.

Sasa njoo mjini, maana najua unasema Malolo ni mbali. Mwaka 2017, Barabara ya Morogoro toka Kimara kwenda Kibaha, tingatinga lilibomoa nyumba zaidi ya 1,000. Pale hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Watu walilala nje na vyombo vyao. Wapo waliokaa pale miaka na miaka, na umeme na maji wamewekewa. Sisemi walistahili, na uchungu wao bado ni mbichi. Nasema tujifunze. Jirani akipimia kwa jirani, na mwenye mamlaka akinyamaza miaka yote, siku ya kupima kwa futikamba hulia wote. Tena anayelia zaidi ni kabwela.

Na wewe machinga mwenzangu, unakumbuka mwaka 2021. Mwezi wa Oktoba meza zetu ziliondolewa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam na miji mingine. Tuliambiwa tumeziba njia za watembea kwa miguu. Sawa, penye ukweli uongo hujitenga. Mtembea kwa miguu ana haki yake, na mara nyingi tulimsukuma barabarani akagongane na magari. Lakini tembea leo kwenye mitaa ya wenye nazo. Utakuta bustani imevuka geti, mawe makubwa yamepangwa hadi ukingoni mwa lami ili mtu asiegeshe gari, na minyororo imefungwa kuzunguka ukoka. Mwanafunzi anayetembea anashuka barabarani kuikwepa bustani hiyo. Hivi meza ya karanga huziba njia, ila bustani ya bwana mkubwa haizibi? Meza huondolewa kwa dakika moja. Mwashoki uliokomaa hauondolewi kwa kupiga kelele.

Ninachodai ni kipimo kimoja. Futikamba ianzie popote, lakini isiruke geti la mtu. Na ili niseme hivyo bila aibu, ilibidi ianzie kwetu. Anayemnyooshea mwenzake kidole, vitatu vinamrudia.

Nilichukua panga. Mzee hakunisaidia, alikaa barazani kimya. Nikakata michongoma na kung'oa mashina toka saa moja asubuhi hadi adhuhuri, nikarudisha mawe nyuma hadi pale mama alipokumbuka ulikuwa mpaka wetu. Jioni jirani wa ng'ambo alikuja, akasimama, akatazama. Seng'enge yake bado ipo. Sijui kama ataisogeza. Ila kwa sasa hana tena ua la kupimia.

Basi na wewe, kabla hujapanda hata mche mmoja mbele ya nyumba yako au ya wazazi wako, simama katikati ya njia, upime toka hapo. Uliza serikali ya mtaa au ya kijiji, uliza TARURA. Kijijini kuna mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu. Usiuache kwa wazee peke yao, nenda ukalisemee jambo hili kabla lori halijakwama. Mjini, ukiona bustani imeingia barabarani, liseme kwa sauti ile ile uliyolilia meza yako.

Njia haina mwenyewe ndiyo maana kila mtu huimega. Ukweli ni kwamba ina wenyewe wengi, na mmoja wao hajazaliwa bado. Yuko njiani, anapelekwa usiku kwa bodaboda.

Alamsiki.