Upepo Unaolichonga Ziwa Lililokauka

Msikilizaji, tukizungumzia jangwa tunautazama mchanga. Naomba leo tuutazame upepo, tena mahali pamoja tu: bonde la Bodélé, kaskazini mwa Chad.

Miaka kama 7,000 iliyopita, pale palikuwa chini ya maji. Ziwa Chad la kale lilikaribia ukubwa wa Bahari ya Kaspi ya leo. Lilipokauka hapo liliacha sakafu nyeupe na laini, mabaki ya vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho.

Upepo wa kaskazini mashariki hubanwa kati ya milima ya Tibesti na nyanda za Ennedi, ukaongeza kasi kama mto unaopita penye wembamba. Huzoa chembe za mchanga. Nazo haziruki juu sana. Hurukaruka karibu na ardhi, zikiisaga sakafu ile mithili ya msasa. Ndiyo maana miamba mingi ya jangwani huliwa miguuni kwanza, ikabaki kama uyoga. Kwingine hubaki migongo mirefu ya mwamba, imelala sambamba, vichwa vikielekea upepo utokako.

Linalonigusa zaidi ni vumbi linalosagwa kutoka sakafu ya Bodélé. Sehemu yake huvuka Atlantiki hadi msitu wa Amazon, likiwa na fosforasi inayorutubisha miti. Ziwa lililokufa Afrika linalisha msitu wa bara jingine! Lakini wakazi wa karibu hulipumua vumbi hilo hilo, na sakafu ile, maadamu maji hayapo, haijazwi upya.