Kabla ya Kushika Panga



Wengi mnatafuta shamba hapa Niania, na wengine hamjawahi kulima. Mkiona shamba limeota pori, msidhani halina mtu. Huku Ituri shamba huachwa miaka ili udongo upumzike, na mwenyewe yupo.

Kwa hiyo nendeni kwake pamoja na chefu. Tembeeni mipakani, mkubaliane juu ya muda na mavuno mbele ya mashahidi, mwandike.

Anzeni na sehemu ndogo mtakayoweza kupalilia. Majani mliyokata yafunike udongo. Moto ukivuka mpaka, ugomvi huvuka nao. Mkiona chuma cha vita, msikiguse: rudini kwa njia mliyopita, mwambieni chefu.

Pandeni lengalenga, maharagi, mahindi. Kakao na migomba ingojee ruhusa ya mwenyewe, kwani anayepanda mti wa miaka mingi huonekana anadai ardhi.

Nanyi wenye mashamba, msimwondoe mgeni shamba likiisha kusafishwa. Mwacheni avune jasho lake kama mlivyopatana.