Chema Hakijiuzi Ng'ambo: Tulivyojifunza Kutafuta Soko la Viondo

(Maneno yaliyosemwa na wasusi wa kikundi kimoja cha Ukambani mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tuwaeleze jinsi kikundi kidogo kinavyoweza kutafuta soko nchi za nje. Sisi si wataalamu. Tumesuka viondo tangu utotoni, na tulilojifunza juu ya soko tumejifunza kwa hasara. Basi tutaanza na hiyo hasara, ili nanyi msiirudie.

Siku moja tulitembelewa na mgeni. Alishika viondo vyetu, akavigeuza, akavisifu sana. Akasema, "Vitu kama hivi ng'ambo vinanunuliwa kama maandazi ya moto. Sukeni vingi, nitarudi." Sisi tukafurahi. Tulikuwa wanachama 26. Tukachanga pesa, tukanunua nyuzi za makonge, rangi na mikanda ya ngozi. Mwenzetu mmoja aliuza mbuzi wawili aliokuwa amewawekea karo ya shule, akisema zitarudi kabla ya muhula. Kwa miezi mitano tukasuka viondo 340.

Yule mgeni hakurudi. Barua hakujibu. Mvua za Novemba zikaja, unyevu ukaingia ndani ya stoo, na viondo vingine vikaota ukungu. Vilivyobaki tulivitembeza sokoni, tukauza kwa bei ya kutupa. Yule mtoto alikaa nyumbani muhula mzima. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuliliamini neno hilo. Kumbe hapa kijijini chema hujiuza kwa sababu mnunuzi anakiona na anamjua aliyekisuka. Mtu aliye mbali hakioni, na hata akikiona ana vingine mia mbele yake. Afisa wa biashara tuliyemwendea alituuliza swali moja tu: "Mnamuuzia nani?" Tukamjibu, "Watu wa ng'ambo." Akacheka kidogo. "Ng'ambo si mtu. Nendeni mkatafute mtu."

Kwanza: jueni mnachouza

Tulirudi tukakaa na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tukapima kila kiondo: upana, urefu, uzito. Aibu iliyoje! Viondo vilivyoitwa "vya kati" vilitofautiana kwa vidole vinne au vitano. Mnunuzi akiagiza 60 vya saizi moja, tungempelekea saizi 10.

Tukaandika pia siku ambazo kila kimoja huchukua, gharama ya nyuzi, rangi na ngozi, na idadi tunayoweza kutoa kwa mwezi bila kuacha mashamba. Jibu la ukweli lilikuwa kama 80. Ni heri kusema 80 na kutoa 80, kuliko kusema 500 na kuomba radhi.

Pili: chagueni nchi moja

Kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba ya forodha, na tarakimu sita za kwanza zinafanana karibu dunia nzima. Vikapu vya kusukwa vimo chini ya 4602, na mikoba ya mkono chini ya 4202. Kiondo chaweza kuingia hapa au pale kufuatana na kilivyotengenezwa, kwa hivyo muulizeni wakala wa forodha mapema.

Ukiwa na namba hiyo, unaweza kuangalia nani ananunua. Kuna mtandao uitwao Trade Map, wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa kilichoko Geneva, kilichoanzishwa mwaka 1964. Unaweka namba, unaona ni nchi gani zinaagiza bidhaa hiyo, kwa kiasi gani na kutoka wapi. Uholanzi nayo ina ofisi iitwayo CBI, ambayo tangu mwaka 1971 imesaidia wauzaji wa nchi kama yetu, na imeandika taarifa za soko la vikapu Ulaya. Hapa kwetu kuna shirika la serikali la KEPROBA, lililoundwa mwaka 2019 kukuza mauzo ya nje. Sisi wazee hatukujua kompyuta. Tulimtuma binti aliyemaliza kidato cha nne, tukamlipia nauli na saa tatu za saiba. Hizo ndizo pesa zilizotufaa kuliko zote tulizowahi kutumia.

Alituletea habari mbili. Ya kwanza, hatuko peke yetu. Wanawake wa Bolgatanga kule Ghana wana vikapu vyao vinavyojulikana. Vikapu vya Rwanda viliingia katika maduka ya Macy's ya Marekani tangu mwaka 2005. Bara la Asia linatoa vikapu vingi kwa bei ya chini. Wale wakongwe kati yetu wanakumbuka jinsi kiondo kilivyokuwa fasheni Ulaya na Marekani katika miaka ya sabini na themanini, kisha vikaja vya kuigwa kutoka Asia, bei ikaanguka. Mnunuzi atauliza: chenu kina nini ambacho hivyo vingine havina?

Habari ya pili ilitushangaza. Sisi tulidhani kiondo ni cha kubebea vitu. Kule Ulaya wengi wanakitumia nyumbani: wanaweka chungu cha maua ndani yake, au nguo chafu, au vitu vya watoto vya kuchezea. Kwa kazi hiyo hawahitaji mkanda wa ngozi. Shikeni hilo, tutalirudia.

Tatu: jueni sheria zao

Msifikiri ushuru ndio ukuta pekee. Mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa sahihi Nairobi Desemba 2023, ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Chini yake bidhaa zetu huingia bila ushuru, mradi mwonyeshe kwa karatasi kwamba zimetengenezwa Kenya. Uingereza ina mkataba wake na Kenya ulioanza mwaka 2021. Marekani iliweka sheria ya AGOA mwaka 2000, lakini muda wake ulifika kikomo Septemba 2025, na mambo ya ushuru kule yamebadilika mara kadhaa tangu mwaka huo. Anayetaka kuuza Marekani asipange bei kabla ya kuuliza hali ilivyo mwezi huo.

Halafu kuna masharti ya bidhaa yenyewe. Ulaya imekataza rangi fulani za aina ya azo katika nguo na ngozi zinazogusa mwili, kwa sababu zinaweza kutoa sumu ya kuleta saratani. Ngozi nayo, tangu Mei 2015, isipitishe miligramu 3 za kromiamu ya sita kwa kila kilo. Sasa sisi tulikuwa tunanunua rangi sokoni kwa kijiko, bila jina wala lebo, na ngozi kwa fundi ambaye hakujua ilikolewa kwa dawa gani. Tungejibu nini? Na tangu tarehe 13 Desemba 2024, bidhaa nyingi za kawaida zinazouzwa Ulaya lazima ziwe na mtu au kampuni iliyoko huko inayowajibika kwa usalama wake. Kwa kikundi kama chetu, mtu huyo ni yule mwagizaji. Kuuza kwa mtu mmoja mmoja moja kwa moja ni shida.

Nne: hesabuni kutoka dukani kurudi nyumbani

Hapa ndipo tulipofunguka macho. Zamani tulichukua gharama, tukaongeza kidogo, tukaita bei. Sasa tunaanza na bei ya dukani kule, tunarudi nyuma. Hesabu hii ni mfano wetu. Wekeni namba zenu.

Tuseme kiondo chenye mkanda wa ngozi kinauzwa Ujerumani kwa euro 40. Ndani ya hizo 40 mna VAT yao ya asilimia 19, kwa hivyo zinabaki kama 33 na nusu. Mwenye duka ana kodi ya nyumba na wafanyakazi, atataka kununua kwa kama 16. Mwagizaji amelipa usafiri, stoo na hatari ya kubaki na mzigo, naye atatulipa kama euro 8. Tukihesabu euro moja kwa shilingi 150, hizo ni shilingi 1,200. Toa nyuzi na rangi 300, ngozi 300, usafiri wa ndani na katoni 150, karatasi 50. Zinabaki 400. Kiondo hicho huchukua siku nne. Ni shilingi 100 kwa siku! Yaani wakati tulipokuwa tukililia soko la nje, soko lenyewe lingetulipa chini ya kibarua cha kupalilia.

Sasa tuchukue kile cha maua, kisicho na ngozi. Dukani euro 30. Bila VAT ni kama 25. Mwenye duka atoe 12. Mwagizaji atupe 6, ambazo ni shilingi 900. Toa nyuzi na rangi 220, usafiri na katoni 130, karatasi 50. Zinabaki 500, na kazi ni ya siku mbili. Ni 250 kwa siku. Bei ni ndogo lakini mapato ni zaidi ya mara mbili. Na wasiwasi wa ngozi umekwisha.

Kuna faida nyingine. Ndege haitozi uzito wa mizani tu, hutoza pia nafasi. Kwa kawaida huchukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wakagawanya kwa 6,000. Katoni ya 60 kwa 40 kwa 40 huhesabiwa kilo 16, hata kama ndani mna viondo vya kilo 7. Utalipia hewa! Lakini viondo visivyo na mikanda, vya saizi tatu, huingia kimoja ndani ya kingine. Nafasi ya kimoja inabeba vitatu.

Tano: mchunguzeni mnunuzi

Tuliandika barua pepe 11, kila moja kwa jina la duka au mwagizaji tuliyeona anauza vikapu. Tulisema sisi ni nani, saizi, bei, na idadi kwa mwezi, tukatia picha tatu zilizopigwa mchana. Tisa hawakujibu. Mmoja alisema hapana kwa heshima. Mmoja aliomba sampuli.

Pia tuliandikiwa na mtu ambaye hatukumtafuta. Alitaka viondo 5,000, ila kwanza tumtumie "ada ya kujiandikisha". Ndugu zetu, mnunuzi wa kweli hulipa, hadai kulipwa. Kwa kampuni za Uingereza, mtu yeyote anaweza kuangalia jina katika daftari la Companies House kwenye intaneti bila malipo. Na ulizeni malipo ya kwanza. Wanachama wa shirika la biashara ya haki duniani, WFTO, wana kanuni kwamba fundi wa kazi za mikono akiomba, apewe angalau nusu ya malipo mapema. Nusu hiyo ndiyo inayonunua nyuzi, mbuzi wa mtu asiuzwe.

Tumefika wapi?

Hatukuja kujisifu. Yule mnunuzi mmoja alipokea sampuli, akaagiza 60 vya kujaribu, akalipa nusu kwanza. Vinne alivikataa kwa sababu ya saizi, na alikuwa na haki. Leo kila msusi ana kijiti kilichokatwa kwa kipimo, na kiondo kisicholingana na kijiti hakiingii katoni. Tunavianika siku mbili kabla ya kufunga, tusirudie ule ukungu. Ameagiza tena, 90. Si utajiri. Lakini kila mwanachama alijua kabla hajaanza kusuka atapata shilingi ngapi. Tena hatukuacha soko la hapa. Anayetegemea mnunuzi mmoja amekalia kigoda cha mguu mmoja.

Kabla hamjanunua hata uzi mmoja, kaeni na karani wenu mjibu haya:

1. Tunatoa nini, saizi gani, vingapi kwa mwezi?
2. Nchi gani moja, na nani huko anauza vitu kama hivi?
3. Sheria gani za rangi, ngozi, lebo na karatasi?
4. Ukirudi nyuma kutoka bei ya dukani, msusi anabaki na shilingi ngapi kwa siku?
5. Mnunuzi ni nani, na analipa lini?

Swali moja likikosa jibu, ngojeni. Kungoja si kushindwa. Na atakapokuja mgeni akawaambia, "Sukeni vingi, nitarudi," mpeni chai, mshukuruni, kisha mwombeni aandike oda na aache nusu ya pesa mezani. Kama ni mnunuzi, hatakasirika.

Anayetaka kuona daftari letu, na kile kijiti, tumekuja navyo.