Je, Mafunzo ya Lazima Humfunza Mtu?



Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awafunze wafanya kazi wake. Ni jambo jema. Lakini je, aitwaye kwa lazima hujifunza, au huja kuandikisha jina tu?

Jibu limo katika vilima vyetu. Katika miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni iliwashurutisha watu wa Machakos kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Baada ya Uhuru wa 1963 shuruti ilikwisha, na matuta mengi yakaachwa yakaharibika. Baadaye vikundi vya mwethya vilichimba kwa hiari matuta ya “fanya juu”, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, kwa kuwa watu walikwisha kuona kwamba hayo huhifadhi maji shambani na mazao hustawi.

Shuruti ilizoeza mikono kazi. Sababu ya kazi ilifahamika kwa kuona faida.

Kwa hiyo naomba, mfanya kazi arudipo kutoka mafunzoni, asiulizwe cheti peke yake. Apewe mtungi wa kuzimia moto, atuonyeshe utumikavyo.