Zebaki haina harufu
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Bukavu

Ninajua wengi walifikiri leo tutasema juu ya mashimo yenye kuporomoka, kwani hiyo njo habari tumezoea kusikia toka Kamituga. Tarehe 11 septemba 2020 mvua ilinyesha, mashimo yakajaa maji, na watu wapata 50 wakafa siku moja. Inchi yote ililia, na ilifaa kulia. Lakini mimi nataka niseme juu ya kifo kingine, chenye hakina makelele, na hakiko kule kwenye mashimo tu. Kiko hata hapa mjini, ndani ya nyumba zenye tunapita kila siku.

Ninasema juu ya zebaki, ile wengi wenu munaita merkire.

Kazi inaenda hivi. Mawe yanatwangwa mpaka yanakuwa unga. Kamituga wanaofanya hiyo ni bamama, ndiyo maana wanaitwa twangaises. Unga unasafishwa na maji, kisha wanamwaga zebaki ndani. Zebaki inashikana na punje za dhahabu zenye jicho haliwezi kuona, inakuwa donge moja jeupe. Wanalikamua ndani ya kitambaa, mikono mitupu. Halafu wanaliweka kwenye moto. Zebaki inachemka ku digri 357, inakuwa hewa, inaenda zake. Dhahabu inabaki.

Inaenda wapi? Hapo njo shida iko. Hewa ya zebaki haina rangi wala harufu. Haikukohozi kama pilipili kwenye makala, haikuambii toka. Ukiivuta, karibu asilimia 80 inabaki mwilini: inapita mapafuni, inaingia damuni, inafika kwenye ubongo na figo. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, mtu anasahau, anakasirika bila sababu. Watu wa nyumbani wanasema amelogwa, ao ni pombe. Na mama akiwa na mimba, inavuka mpaka kwa mtoto.

Kitu chenye kinadanganya vijana ni hiki: ile zebaki ya maji maji, ukiigusa leo, kesho haikuumi. Kijana anaishika miaka miwili, anasema mimi niko muzima. Hajui kama hatari kubwa haiko ndani ya chupa, iko juu ya moto.

Na nani anasimama kwenye moto? Mara nyingi si tajiri. Ni kijana mwenye ametumwa, ao ni mama, ku mbabula ileile ya kupikia bugali. Tena, donge lenye limechomwa vibaya linaweza kufika mjini na zebaki ikingali ndani, basi mnunuzi analichoma tena mbele ya kupima. Analichoma dukani, mlango umefungwa juu ya wezi, dirisha moja dogo, na nyuma ya ukuta familia imepanga. Musitegemee kitambaa cha puani kama kile cha wakati wa Korona. Kinazuia vumbi, zebaki inapita.

Dawa yake si kitu cha kutoka mwezini. Ni chungu ya chuma yenye kufunikwa kabisa, na bomba yenye inapoozwa na maji baridi. Zebaki inarudi kuwa maji, unaitumia tena, haununui ingine. Lazima tu ungoje ipoe. Kuifungua ikingali na moto ni sawa na kuchoma mbele ya watoto wako. Sasa juu ya nini watu hawaitumii? Juu inachelewesha, na mchimbaji anaogopa dhahabu yake itabaki ndani ya chungu ya mwengine. Hana ujinga. Ameibiwa mara nyingi.

Sheria ya kazi ya 16 oktoba 2002 inasema juu ya mwajiri na mfanyakazi. Muulize mchimbaji: mwajiri wako ni nani? PDG wa shimo atasema kila mtu anajitegemea. Kooperative itasema hawa ni wanamemba. Mnunuzi atasema mimi nanunua tu. Basi sumu haina mwenyewe! Lakini karte ya mchimbaji iko na bei yake, na kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi. SAEMAPE iliundwa na Serikali juu ya kusaidia wachimbaji wadogo. Isaidie.

Huko Japani, muji wa Minamata, ugonjwa wa watu wenye walikula samaki wa zebaki ulitambulika 1956. Serikali yao ilikubali sababu 1968. Miaka 12, na ile ni inchi yenye maabara. Mkataba wenye unabeba jina la muji huo ulianza kufanya kazi tarehe 16 agosti 2017, na unataka kuchoma donge hadharani kuishe, na kuchoma ndani ya makao ya watu kuishe.

Mimi nilisoma kemia. Huu ni mwaka wa pili niko nyumbani na diplomu, na tuko wengi. Siombi huruma. Ninashangaa tu: kuna vijana wanaojua zebaki inachemka ku digri ngapi, kuna vijana wanaoivuta kila jioni, na hakuna kiongozi mwenye ameona vizuri awakutanishe.

Hatuombi mashimo yafungwe. Wenye wanataka zebaki ikatazwe kesho asubuhi hawajalala njaa. Ukikataza bila kuleta njia ingine, watachoma chumba cha nyuma. Tunaomba kila chantié, na kila mahali wanunuzi wako wengi mjini, pawe nyumba moja ya kuchomea, mbali na makao, yenye chungu za kufunikwa, na mwenye dhahabu asimame hapo aone mali yake. Na hospitali zipime mkojo wa wenye kuchoma, bila malipo.

Nikimaliza nitabaki karibu na mlango. Mwenye anajua mahali wanachoma kwenye avenyu yake, aniambie avenyu tu, si jina la mtu. Hatutafuti kufunga mtu. Tunataka kujua ni watoto wangapi wanalala nyuma ya ule ukuta.